Pindo la Pazia la Kura

Mtaani hakukuwa na mtu asiyemjua Bi Pindo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja, maana kila alichokishona, kiwe gauni, suruali ya shule au shuka, alikiachia pindo pana kwa ndani, karibu shibiri nzima. Tena pindo lenyewe hakulipitisha kwenye cherehani. Alilishika kwa mkono, kwa mishono mirefu ya bandi, akafunga fundo moja tu upande wa kushoto. Mtoto akirefuka, mama yake anakata fundo, anavuta uzi, pindo linashuka lenyewe na suruali inapata mwaka mwingine. Watu walimtania kwamba anawashonea wajukuu wao wakati wao wenyewe hawajaoa. Yeye aliwajibu kwamba kitambaa wamenunua wao, kazi yake ni kuwatunzia tu.

Basi huyu ndiye Utawala uliyemwita ashone mapazia ya kura.

Kisiwa kilikuwa kinakwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza. Wageni walikitawala tangu babu za watu wangali watoto. Kila baada ya miaka michache waliletewa Bwana Mkubwa mpya na kofia yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mwenyeji anataka nini. Sasa eti kutakuwa na Baraza la kutunga sheria. Nusu ya viti vyake vilikuwa na wenyewe tayari, Bwana Mkubwa alikwisha kuwateua awapendao. Ile nusu nyingine ndiyo watu waliambiwa wachague. Haya, hata hiyo nusu waliitaka, na waliitaka kweli.

Vyama vilikuwa viwili. Chama cha Taa kilisema wageni ni watu wazuri, wasiharakishwe. Chama cha Jembe kilisema wafunge virago. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mambo yalipangwa hivi: unapewa karatasi, unaingia nyuma ya pazia, unakuta masanduku mawili, la Taa mwisho wa kushoto na la Jembe mwisho wa kulia. Unatumbukiza karatasi unakotaka, unatoka. Hakuna kuandika wala kusema neno. Siri inabaki baina yako na pazia.

Lakini watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Miezi michache nyuma lori la askari lilipita mtaani alfajiri likawazoa watu wa Jembe kama mtu anavyozoa takataka kwa koleo. Miongoni mwao alikuwa mume wa Muuza Mkaa, jirani wa ukuta mmoja na Bi Pindo. Na miongoni mwao alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Pindo, mwalimu wa shule ya mtaa, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama juu ya kiti sokoni na kuwaeleza watu Baraza ni kitu gani. Waliwekwa kambini upande wa pili wa kisiwa. Bi Pindo alikuwa mjane. Tangu siku ile alilala kwa kuibia ibia, na kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimkausha mate.

Jora la kitambaa alilileta Bwana Mdogo mwenyewe. Huyu alikuwa msaidizi wa Bwana Mkubwa na ndiye aliyekabidhiwa uchaguzi. Kwa kimo alimzidi mkubwa wake, ni cheo tu kilichomfupisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Aliliweka jora mezani, marudufu nyeupe, pamba nzito, na kwenye ncha yake mhuri wa Utawala.

"Mapazia haya yafike chini, Mama," alisema. "Mpiga kura ni lazima asitirike. Ndivyo ilivyo desturi kwetu."

"Yatafika, Bwana."

Alifika mlangoni, akageuka kama aliyesahau kofia. "Wale vijana walioko kambini tunawafikiria. Uchaguzi ukipita, Jumamosi inayofuata baadhi yao watarudi nyumbani. Itategemea busara ya familia zao." Akatabasamu, akaenda zake.

Bi Pindo alikaa na jora lile mbele yake mpaka chai ikapoa. Jumamosi. Neno lenyewe lilimkaa kifuani likakataa kushuka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Bi Pindo alijua, kama anavyojua alama ya kuzaliwa ya mwanawe, kwamba marudufu mpya haikatwi mpaka ilowekwe kwanza. Usipoiloweka, siku itakayoguswa na maji itasinyaa, na nguo ya kufika chini itaishia kwenye muundi. Hakuwahi kuruka kazi hiyo tangu ashike mkasi. Lakini wiki ile maji ya bomba lake yalikuwa yanatoka mekundu kwa kutu, na kitambaa kile kilikuwa na mhuri. Aliwaza doa. Akajiona anaitwa ofisini kueleza doa. Akamwona Bwana Mdogo ameshika pazia lenye doa huku anafikiria nani arudi Jumamosi na nani abaki. Akakikata kitambaa kikavu vilevile. Pazia halifuliwi, alijiambia. Nani afue pazia la siku moja?

Alishona mapazia ya vituo vyote vya mjini, na kila moja akaliachia pindo lake pana la mkono, fundo kushoto. Alikuwa amezoea, mikono ilifanya yenyewe.

Siku ya kuyakunja, Muuza Mkaa alikuja kukaa barazani, mikono yake myeusi ameificha kwapani asichafue kitu.

"Mimi shoga siendi kupiga kura," alisema. "Nikienda nitatia kwenye Taa. Nisipotia kwenye Taa watajua, na mume wangu atazeekea kule."

"Watajuaje?"

"Hawa wanajua kila kitu. Wengine wanasema sanduku lina waya."

Bi Pindo hakubishana naye. Alitundika pazia moja mlangoni, akaingia nyuma yake, akasimama. "Haya niambie. Nimeinua mguu gani?"

Muuza Mkaa akainama, akachungulia kwa huku na kwa huko, akakaribia kulaza shavu sakafuni. Pazia lilikuwa limegusa chini, limetulia.

"Sioni kitu."

"Na sasa nimekwenda wapi, kushoto au kulia?"

"Sioni, jamani. Ungeniambia umeruka dirishani ningekubali."

Wakacheka, na ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka tangu lori lile lipite. Basi habari zikatembea. Jioni ile alikuja fundi viatu na mkewe, wakaja walezi wa wanafunzi wa Mwalimu, wakaja watu ambao Bi Pindo hajawahi kuwashonea hata kifungo. Kila mmoja alitaka kupimwa. Niambie nimeinua mguu gani. Nao walichungulia, wakakosa, wakarudi makwao mabega yameshuka kwa faraja. Kufikia siku Utawala ulipoyachukua mapazia, mji mzima ulikuwa unasema sentensi moja: Bi Pindo kashona kwa mkono wake, kasema hakuna kitakachoonekana. Waliokuwa wamekata shauri wasiende wakaanza kupiga pasi mashati.

Na yeye mwenyewe moyoni alikuwa amepanga hesabu yake. Ataingia, atatia kwenye Jembe kama mwanawe anavyotaka, atatoka na uso wa kondoo. Bwana Mdogo hatajua lolote. Jumamosi mtoto atarudi. Mambo yote mawili atayapata, ndani ya kitambaa kile kile.

Siku ya kura walipanga foleni tangu jua halijachomoza. Kituo chao kilikuwa shuleni, ndani ya darasa lile lile alilokuwa akifundisha Mwalimu. Madawati yalikuwa yamerundikwa nyuma. Mbele, kutoka ukuta hadi ukuta, palipitishwa waya, na juu ya waya ndipo pazia lilipotundikwa. Foleni ilisogea polepole mpaka Bi Pindo akafika mlangoni, Muuza Mkaa yuko nyuma yake, naye akainua macho kuitazama kazi yake.

Pazia lilikuwa linang'aa. Lilikuwa limefuliwa, likatiwa wanga, likapigwa pasi mpaka likawa gumu kama kadi. Watu wa Utawala na usafi wao, nani alikuwa na haja? Na chini yake, kutoka pindo hadi sakafu, palikuwa na nafasi ya shibiri nzima.

Fundi viatu ndiye aliyekuwa ndani. Viatu vyake vilionekana mpaka juu ya vifundo, vile vya ngozi ya viraka alivyojishonea mwenyewe na ambavyo kila mtu mjini alivijua. Vilisimama katikati. Vikageuka kulia, kwenye Jembe. Mkabala na pazia, kwenye kiti cha Mwalimu, alikuwa amekaa Bwana Mdogo, mguu juu ya mguu, naye hakuwa anatazama pazia. Alikuwa anatazama sakafu. Alikohoa kidogo tu. Vile viatu vikasimama, vikakaa vimesimama muda, halafu vikageuka vikaenda kushoto.

Fundi viatu alitoka bila kumtazama mtu. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akificha kadi za Jembe ndani ya soli za wateja.

 Hakuna aliyemweleza Bi Pindo, hakuhitaji kuelezwa. Marudufu, maji, wanga. Alijiona amesimama pale mezani kwake, mkasi mkononi, anasema pazia halifuliwi. Bwana Mdogo hakulipunguza pazia lile, alilifulisha tu. Lakini alipoliona limepungua, alisogeza kiti akakaa panapofaa. Aliyelipunguza ni yeye, Bi Pindo.

Foleni nayo ilikuwa imeona. Mnong'ono ulipita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka nje uwanjani, kisha ukarudi ukiwa umepata maana nyingine. Watu walianza kumtazama. Si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Walimtazama kama mtu anavyomtazama mbwa wake aliyemng'ata.

"Shoga," alisema Muuza Mkaa nyuma yake, polepole sana. "Umetuuza ili mwanao arudi?"

"Sikuuza mtu."

"Niambie nimeinua mguu gani. Ulitufanya tuchungulie na kucheka kama watoto."

"Sikukiloweka kitambaa," alisema Bi Pindo. Hata yeye alisikia maneno yale yalivyo mepesi.

Muuza Mkaa alijisogeza nyuma, nafasi ndogo tu, asigusane naye.

Bi Pindo aliogopa, na tuseme wazi kwamba aliogopa pande zote. Alimwogopa mtu wa kwenye kiti, na aliwaogopa watu aliozaliwa nao. Alifikiria kutoka kwenye foleni aende nyumbani ajifungie, lakini mlangoni palikuwa na askari, na mwanamke mmoja aliyejaribu kuondoka alikuwa ameulizwa anakaa nyumba gani. Wengine wawili wakaingia mbele yake. Miguu ikaenda kushoto, miguu ikaenda kushoto. Kando ya dirisha alikaa mgeni mwingine, mzee mwenye miwani aliyetumwa na mataifa ya nje kuangalia kama uchaguzi unakwenda sawa. Alikuwa anasinzia kwa joto. Miguu ya watu haikumwambia chochote, hakumjua mtu.

Aliyegawa karatasi alikuwa karani wa Utawala, naye ni shemeji yake Bi Pindo, mdogo wa marehemu mumewe. Alimpa karatasi bila kuinua uso, jasho limemtota kola.

"Shemeji, nenda kushoto," alinong'ona, midomo haichezi. "Nakuomba. Nenda kushoto, urudi nyumbani, Jumamosi tumpokee kijana wetu. Mimi nimekwisha kuliona jina lake kwenye orodha."

Bi Pindo akapita nyuma ya pazia.

Kulikuwa na harufu ya wanga. Ubao ulikuwa umefutwa vibaya, bado ulionyesha kivuli cha mwandiko wa chaki ambao angeutambua popote. Sanduku la Taa kule, sanduku la Jembe huku, na yeye katikati, karatasi imelowa kiganjani. Alijua wote wanatazama viatu vyake. Kwa muda hakuweza kwenda popote.

Alipotazama chini ndipo alipoliona pindo.

Lilikuwa pale pale alipoliacha. Dobi amelifua, amelitia wanga, amelipiga pasi, lakini hakulifungua, na kwa nini alifungue? Shibiri ya kitambaa, imekunjwa ndani, imeshikwa na mishono mirefu ya bandi ya mkono wake. Fundo kushoto.

Kushoto, kwenye sanduku la Taa.

Akaenda kushoto. Huko nje walimwona anakwenda, hatua fupi fupi za mwanamke mtu mzima, na mtu mmoja akasonya. Bwana Mdogo akashusha mguu wake chini na kukaa vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Bi Pindo alisikia kile kiti kikilia. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku la Taa, na tundu lake lilikuwa usawa wa mkono wake. Lilikuwa tundu dogo tu. Karatasi ikiingia pale, Jumamosi angemfungulia mtoto mlango. Angempikia, angemkaripia kwa jinsi alivyokonda, angemsikia akikohoa chumba cha pili usiku. Hakuna mtu hata mmoja wa kumlaumu, kila mtu alikwisha kumlaumu tayari. Mkono ulikwenda. Ncha ya karatasi iligusa mdomo wa tundu.

Sijui nani angemcheka kama angeiachia. Mimi nisingeweza.

Aliurudisha mkono. Akachuchumaa, akalivuta pindo hadi mdomoni, akalikata fundo kwa meno, kama alivyofanya maisha yake yote mkasi ukiwa mbali. Akaishika ncha ya uzi, akasimama, akaanza kutembea kwenda kulia.

Huko nje waliona hivi: viatu vya Bi Pindo vinaondoka kushoto na kuelekea kulia, taratibu, na nyuma yake, kila anapopita, pazia linashuka. Linashuka shibiri nzima, kwa mkunjo mgumu wa wanga, linaifunika sakafu aliyokwisha kuipita. Alipita katikati. Akapita mbele ya kiti cha Bwana Mdogo. Uzi ulikwama mara moja, akauchokoa kwa ukucha, ukaachia. Mpaka alipofika mwisho wa kulia, mbele ya sanduku la Jembe, ndipo ncha ya mwisho ya pindo ilipodondoka ikavificha viatu vyake. Miguu ya Bi Pindo ilikuwa ya mwisho kuonekana ndani ya chumba kile, na kila mtu aliona ilikokwenda.

Akatumbukiza karatasi. Haikutoa hata sauti.

Alipotoka, uzi alikuwa ameuzungusha kidoleni. Hakuwahi kutupa uzi katika maisha yake. Bwana Mdogo alikuwa amesimama wima, uso umemwiva.

"Umeharibu mali ya Utawala, Mama."

"Sijaharibu, Bwana. Nimeshusha pindo tu." Akauzungusha uzi tena kidoleni. "Uliniambia yafike chini."

Mtu kwenye foleni akakohoa kikohozi cha uongo. Mzee wa dirishani aliamka, akalitazama pazia kupitia miwani yake, akamtazama Bwana Mdogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema neno kwa lugha yao. Kwa kila aliyeona, maana yake ilikuwa kwamba sasa ndivyo linavyotakiwa liwe. Bwana Mdogo akamrudishia tabasamu. Angefanya nini? Angeagiza sindano mbele ya mgeni?

Badala yake alimsindikiza Bi Pindo hadi mlangoni kwa adabu zote, akainama karibu na sikio lake. "Nilikuona ukienda kushoto," alisema kwa Kiswahili chake kizuri. "Ulikuwa umekwisha fika. Ungeishia hapo hapo."

Bi Pindo alitembea hadi kwenye ukuta wa shule, akaushika. Hakulia. Akaketi mavumbini kama mtoto aliyechelewa kipindi.

Ndani, Muuza Mkaa alikuwa ameingia. Alitoka muda si mrefu, amejifunga kanga kiunoni, akampita Bi Pindo, halafu akarudi. Akamwinua kwa mikono yake ile myeusi, akamwachia alama kwenye mikono yote miwili.

"Fundo liko kushoto kwa yote?" aliuliza.

"Kwa yote."

"Kaa hapa," alisema Muuza Mkaa, akashika njia ya kituo cha sokoni karibu kwa kukimbia. Alikwenda kumwambia wa kwanza aliyemkuta kwenye foleni, na huyo akamwambia wa pili. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na pazia mjini lililoonyesha kifundo cha mtu. Na hesabu ilipotangazwa, masanduku ya Taa yalikuwa na karatasi za asubuhi tu. Viti vyote vya mji vilivyogombewa vilikwenda kwa Jembe. Watu walicheza barabarani. Bi Pindo alifunga dirisha.

Alijua mwanawe hatarudi, lakini kujua ni kitu kimoja na moyo wa mama ni kitu kingine. Jumamosi alifua shati la mwanawe, akalipiga pasi, akaliweka kitandani. Lori lilipoingia mtaani alikuwa amesimama mbele ya wote. Wakashuka mmoja mmoja, wamekonda, ndevu zimewajaa, wanapepesa macho kama watu waliotoka gizani. Akashuka mume wa Muuza Mkaa. Askari akafunga mlango wa lori, akaugonga kwa kiganja, lori likaondoka.

Wanaume wale walikwenda na wake zao. Bi Pindo alirudi kwenye cherehani yake, akakaa, akaweka mguu kwenye kanyagio asilikanyage.

Jioni, bado jua lingalipo, mume wa Muuza Mkaa alikuja. Alikuwa ameoga na kunyolewa. Alisimama mlangoni, pale pale pazia lilipotundikwa siku ile ya vicheko, mpaka alipoambiwa akae.

"Mama Mwalimu," alisema. "Nina salamu zako, lakini si nyingi."

"Nipe hizo hizo."

"Jioni ya kura Bwana Mdogo alikuja kambini. Alitupanga mstari. Akamwambia Mwalimu mbele yetu wote kwamba mama yake amevuta uzi wa pazia, na kwa uzi huo huo amemfungia humo ndani. Hakusema mpaka lini." Alijikuna kidevu chake kipya. "Sisi tulidhani Mwalimu atalia, na asingekuwa wa kwanza kulia pale. Halafu akamuuliza Bwana Mdogo jambo moja tu. Alimuuliza, lilifika chini?"

Bi Pindo alikuwa anatazama mikono yake.

"Yule bwana hakumjibu, alikwenda zake. Basi asubuhi hii wananitoa, Mwalimu akanishika shati, akaniambia, ukifika nyumbani muulize mama. Sasa nami nakuuliza, ingawa sijui nani atampelekea jibu."



"Lilibakisha upana wa kidole kufika chini," alisema Bi Pindo. "Sikukiloweka kitambaa. Niliogopa."

Mume wa Muuza Mkaa alimwambia kidole si kitu, miguu haikuonekana, watu wote wanasema haikuonekana. Bi Pindo akatikisa kichwa. Barabarani gari lilipita polepole, likasimama mbele kidogo ya nyumba, na wote wawili wakalisikiliza mpaka liliposhika njia tena. Kisha Bi Pindo akamwomba amsimulie upya, tangu mwanzo, na asiache kumwambia sauti ya mwanawe ilikuwaje alipouliza.